Mgeni Asiyetaka Maziwa

Kila Jumamosi alfajiri Akoth alikuwa na mgeni. Mgeni mwenyewe mdogo, mweupe, hana mkono wala mguu, lakini masharti yake yalishinda ya mama mkwe. Hataki chai. Hataki maziwa, hata tone. Hataki kukuta kitu chochote tumboni kimemtangulia. Anataka glasi nzima ya maji matupu, na akishaingia hataki mwenye nyumba alale wala aegemee mto. Akae wima kama mlingoti wa bendera ya shule, nusu saa nzima, ndipo yeye aende zake kwenye mifupa kufanya kazi.

Ilikuwa tembe ya mifupa. Akoth alianza kuimeza mwaka huo wa 2007, baada ya kuanguka uani kwake hapo Nakuru, katika nyumba za reli, akimfukuza kuku. Alivunjika mkono. Kuku hakupatwa na neno. Daktari alimwonyesha picha ya eksirei, akamwambia mifupa yake imejaa matundu kama mkate, na kwamba asipoitunza, kuku wa pili atamvunja nyonga.

Unnati, binti wa duka la dawa karibu na stesheni, ndiye aliyemfundisha masharti. Hakumpa dawa mpaka aliposema yote kwa mdomo wake, kama mtoto anayetaka kubatizwa.

"Mama, sema tena."

"Glasi nzima ya maji matupu. Nisile, nisinywe kingine, nisilale, nusu saa."

"Na chai?"

"Chai ingoje."

"Ukisikia moto kifuani?"

"Niache kumeza, nirudi kwa daktari."

"Na ukitaka kung'oa jino?"

"Nimwambie daktari wa meno kwanza kwamba nameza hii. Unnati, mimi nimezaa saba. Kumeza najua."

Joash, shemeji yake, ndiye pekee ambaye hakuipenda ile dawa. Joash alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Akoth. Alikuwa amestaafu kazi ya reli, lakini sauti yake ilikuwa bado kazini. "Tembe moja bei ya kuku," alisema siku ya kwanza. "Si ungenunua kuku ukamla, shemeji?"

"Kuku ndiye aliyenivunja," Akoth akamjibu.

Sasa, Jumamosi hiyo ya mwezi wa tisa haikuwa Jumamosi ya kawaida. Walikuwa wanakwenda Olenguruone kwa mara ya tatu, kumwombea Okeyo mke. Okeyo alikuwa mjukuu wa Akoth, amemlea tangu hajaota meno. Alikuwa dereva wa duka la vyuma la Pradeep, na alikuwa amempenda Jelagat, mwalimu wa chekechea kule Kiamunyi, mpaka akawa anatia chumvi kwenye chai.

Mara mbili walikwenda, mara mbili wakarudi mikono mitupu. Si kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wameshakubaliana na Kipchoge, baba ya msichana, bila hata kupandishiana sauti. Tatizo lilikuwa Jepkorir, mama yake Kipchoge, ambaye mji mzima ulimwita Kogo, yaani nyanya. Kila wageni walipoketi, Kogo aliweka mkono kifuani, akakunja uso, akasema, "Moto umewaka hapa." Na moto ukiwaka kwa Kogo, hapakuwa na mtu wa kuuzima. Basi mazungumzo yanafungwa, wageni wanapewa vitunguu vya njiani, wanarudi.

Safari hii alikuwa ametuma neno. Waje alfajiri, kabla ng'ombe hawajafunguliwa, kama desturi ya kwao inavyotaka. Na kama kifua chake kitawaka mara ya tatu, wasirudi tena. Jelagat atatafutiwa shule ya mbali ya kufundisha, asahau.

"Na hiyo tembe yako," Joash alimwonya Akoth siku ya Ijumaa, "usiitaje kule hata kwa bahati mbaya. Wale watu wanauliza magonjwa ya ukoo. Mara ya kwanza waliniuliza kifafa. Mara ya pili wakauliza uchawi. Wakisikia bibi ya kijana anavunjwa na kuku, watasema watoto watazaliwa bila magoti."

"Sitaitaja."

"Tena ingekuwa vizuri uimeze Jumapili."

"Siku ni siku, Joash. Nitaimeza njiani. Tukifika nitakuwa nimemaliza nusu saa yangu, hakuna atakayejua."

*

Kulipopambazuka walikuwa wameshapita Keringet, katika pikapu ya Pradeep iliyonukia rangi ya mabati. Okeyo alishika usukani. Akoth alikaa katikati, glasi imefungwa kwenye leso, chupa ya maji mapajani. Joash alikuwa mlangoni na suti yake ya kijivu, ile ya mazishi na harusi.

Barabara ile, mvua ilikuwa imeila mpaka mifupani. Akoth alijaza glasi, pikapu ikaruka, maji yote yakaenda kwa Joash. Akajaza tena. Pikapu ikaingia shimo, maji yakaenda kwa Joash tena, na safari hii yakatua pale ambapo mwanamume hapendi watu waone maji.

"Shemeji," Joash akasema polepole, "mimi ndiye msemaji."

"Utasema ukiwa umeketi."

"Nitashukaje kwenye gari hivi? Watasema safari imenishinda."

"Dani, si unywe kidogo tu na chupa," Okeyo akashauri. Dani ndilo jina alilomwita nyanya yake, kwa lugha ya kwao.

"Unnati alisema glasi nzima. Chupa naijua, nitadhani nimekunywa kumbe nimelamba. Okeyo, endesha kama umebeba mayai."

Okeyo aliendesha kama aliyebeba mayai, lakini barabara haikujua habari za mayai. Mara ya tatu glasi ilimwagika yote. Mwishowe walifika kwenye lango la Kipchoge, na maji yaliyobaki katika chupa yalikuwa ya glasi moja tu. Akoth akasema, "Zima gari." Akameza tembe yake, akashusha maji yote bila kupumua, akatazama saa ya marehemu mumewe mkononi. Saa kumi na mbili na dakika tano. Mpaka saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano, hakuna kitu kingine kupita kooni.

Hapo ndipo lango likafunguliwa na sauti ya Kipchoge ikawasalimu kwa lugha ya kwao, "Chamge. Karibuni, maziwa yako tayari."

*

Wote wanajua desturi ya mji ule. Wageni wanaokuja kuomba msichana hupewa mursik kwanza, maziwa yaliyoganda ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Mama mkubwa wa wageni ndiye anayeanza. Akinywa, maneno yanaanza. Asipokunywa, maneno hayana mlango wa kuingilia.

Chepkemoi, mama ya Jelagat, alipiga magoti akammiminia Akoth kikombe kikubwa cha bati, kikajaa mpaka ukingoni. Joash alikuwa ameketi na kofia yake mapajani, haitoi. Okeyo alikuwa ameketi kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Jepkorir mwenyewe alikuwa kwenye kiti kirefu, mito mitatu mgongoni, blanketi magotini, macho makali kama ya kunguru.

"Karibu, mama," alisema Chepkemoi.

"Asante sana, mwanangu." Akoth akakishika kikombe kwa mikono miwili. Akakiinua. Akakitazama. Akakishusha.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na moja.

"Maziwa mazuri," akasema. "Yana rangi."

Watu wakangoja. Jogoo akawika nje, akanyamaza, akangoja na yeye.

"Ananusa kwanza," Joash akaeleza kwa sauti yake ya reli. "Kwetu mama akipewa kitu cha heshima, hanywi tu kama ndama. Ananusa."

"Mara mbili zilizopita hakunusa," Kipchoge akasema. "Alikunywa vikombe viwili na akaomba cha tatu." Kipchoge alikuwa mtu mtaratibu, aliyekuwa mkaguzi wa majosho ya ng'ombe, na hakusahau hesabu ya kitu chochote.

"Zile zilikuwa ziara ndogo," alisema Joash. Na kwa kuwa hakuona njia nyingine, akamnyang'anya Akoth kikombe, akasema, "Mimi kama msemaji nafungua koo kwa niaba ya ukoo," akakimaliza.

Chepkemoi, mwanamke wa adabu, akamjazia Akoth kikombe kingine.

Joash akakitazama kile kikombe kama mtu anayetazama mlima. Akakinywa nacho. Chepkemoi akajaza tena.

"Mwacheni," Jepkorir akasema kutoka kwenye mito yake. Alikuwa hajasema neno mpaka hapo. "Mama wa mjini ameshazoea maziwa ya karatasi. Yetu yana masizi, yatamchafua meno."

"Hapana, Kogo, si hivyo."

"Basi kunywa."

Akoth akainua kikombe. Akaisikia sauti ya Unnati ndani ya sikio lake: na maziwa, mama? Akakishusha. Uso ulimwaka kwa aibu, maana katika miaka yake sitini na minane hajawahi kukataa chakula cha mtu, hata cha mtu asiyejua kupika.

Jepkorir akatazama kikombe, akatazama wageni, halafu polepole akaweka mkono kifuani. Uso ukakunjamana. Akacheua, akashika ukingo wa kiti.

"Naam," akasema. "Moto umefika. Wao wameketi, nao umewaka. Tena leo unapanda mpaka kooni. Kipchoge, umeona kwa macho yako. Mimi sina la kuongeza."

Kipchoge akatazama sakafu. Chepkemoi akaweka kibuyu chini. Upande wa jikoni, nyuma ya ukuta wa mbao, sufuria ikaanguka, na wote wakajua ni Jelagat, maana hakuna mtu mwingine aliyekuwa huko. Okeyo akafumba macho.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na tano. Akoth hakujua atafanya nini. Alijua tu kwamba akitolewa nje ya nyumba hiyo kabla ya dakika ishirini kwisha, basi kijana wake ameshapoteza. Akashika jambo la kwanza lililopita karibu.

"Kogo," akasema, "kabla hujatufukuza. Jelagat aliniambia kwamba tangu Olenguruone mpaka Kuresoi hakuna anayekushinda kwa vitendawili."

"Jelagat ana mdomo."

"Na mimi nikamwambia, labda kwa sababu hajakutana na mimi."

Macho ya kunguru yakageuka. Mkono ulikuwa bado kifuani, lakini kidole kimoja kilikuwa kimeanza kugongagonga.

"Tega," Jepkorir akasema.

*

Akoth alianza na cha mtoto, apate nafasi. "Mchana wanabeba mtu mzima, usiku wanalala mlangoni midomo wazi."

"Viatu. Hicho nilikitega kabla hujazaliwa. Haya, changu. Wazee wamejipanga kilimani na kofia za kijani. Msichana akipita anawavua zote bila kuwaamkia, na wiki ya pili wana kofia mpya."

Akoth alilijua jibu kabla Kogo hajafunga mdomo. Dirisha lote lilikuwa limejaa jibu, mistari kwa mistari mpaka bondeni. Lakini alikuna kichwa.

"Kofia za kijani," akasema. "Kabeji?"

"Kabeji haioti kofia ya pili."

"Hapo umesema kweli." Akafikiri muda mrefu. "Askari wa misitu?"

"Nani anawavua kofia askari wa misitu?"

"Wake zao."

Joash, ambaye tumbo lilikuwa limeanza kunguruma kwa vikombe viwili, akainama, "Shemeji, si ni majani ya ch..." na Akoth akamfinya paja lile lile lenye maji, akanyamaza.

"Nimeshindwa, Kogo."

"Basi nipe mji."

Maana hata kule, mwenye kushindwa kitendawili hulipa mji. "Nakupa Nakuru," Akoth akasema.

"Nakuru ina moshi. Ongeza."

"Nakupa na Kiamunyi."

Jepkorir akaridhika, akajiweka vizuri. "Nilikwenda Nakuru, nikala samosa kwa Wahindi. Nikaenda Kiamunyi, nikajenga nyumba ya mawe. Watu wakaniuliza, Kogo, hao wazee ni nani? Nikawaambia ni majani ya chai, mnayoyanywa kila siku na bado hamyajui. Tega chako."

Akoth alishindwa cha pili pia, akatoa mtaa mzima wa Milimani na miti yake. Akashinda cha tatu kwa bahati mbaya, akapewa Molo. Kipchoge alikuwa amesogeza kiti mbele bila kujua. Lakini sasa ilikuwa zamu ya Akoth tena, na kichwa kilikuwa kitupu kama debe. Saa yake ilisema dakika ishirini na nane. Vitendawili vyote alivyofundishwa na mama yake vilikuwa vimetoroka. Kilichobaki kichwani kilikuwa kile tu kilichokuwa kikimsumbua tangu alfajiri, na hicho ndicho kilichotoka.

"Nina mgeni," akasema. "Huja mara moja kwa wiki. Hataki chai. Hataki maziwa. Akiingia ndani hatoki, na nikilala kabla hajatulia, ananichoma."

Joash akakohoa kikohozi kikubwa cha onyo. Akoth hakumtazama. Neno lilikuwa limeshatoka.

Kidole cha Jepkorir kiliacha kugonga.

"Mgeni wa siku gani?" akauliza.

"Jumamosi."

"Mweupe?"

"Mweupe."

"Mkubwa kama njugu?"

"Mdogo kidogo kuliko njugu."

Bibi kizee akajitoa kwenye mito yake, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaketi sawasawa. "Huyo mgeni namjua," akasema. "Hata kwangu anakuja. Mwanangu wa Nairobi ananiletea pakiti kila mwezi, tangu nilipoteleza kwenye majani ya chai nikavunjika nyonga. Lakini kitendawili chako kina kasoro. Mgeni wangu anapenda maziwa."

"Nani alisema anapenda?"

"Mimi ndiye ninayempa. Namshusha na kikombe cha mursik, apite vizuri. Kisha najilaza kidogo, maana ni saa kumi na moja, hata ng'ombe wamelala."

"Leo alikuja?"

"Leo ni Jumamosi."

Okeyo alikuwa amefumbua macho.

"Kogo," Akoth akasema taratibu, "sisi tulikuja mara ya kwanza siku gani?"

"Jumamosi," Kipchoge akajibu, yule mtu wa hesabu. "Mwezi wa sita. Na mara ya pili Jumamosi, mwezi wa saba."

"Na Jumamosi zile ambazo hatukuja, Kogo, moto haukuwaka?"

Jepkorir akatafakari. "Uliwaka," akakubali. "Lakini zile nilijua mko nyumbani kwenu mnanifikiria."

Kipchoge akaondoka. Akarudi na pakiti, miwani puani. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi kama barua ya serikali. "Hii ndiyo ya mwezi huu," akasema. "Za nyuma ziko wapi, mama?"

"Nimefungia ugoro. Ni karatasi nzuri, nyembamba."

Kipchoge akaikunjua, ikafika magotini. Ilikuwa Kiingereza kitupu. Akasoma kimya, midomo ikitembea, kisha akageuza kwa Kiswahili ili wageni nao wasikie, kama alivyokuwa akisomea watu sheria za josho. "Asubuhi kabla ya kula. Maji matupu, glasi nzima. Si maziwa, yanaizuia dawa kuingia mwilini. Asilale kwa muda wa nusu saa." Akainua macho. "Akilala, dawa inaweza kukwama na kuchoma koo na kifua. Akisikia moto, aache, amwone daktari."

"Imeandikwa moto?" Jepkorir akauliza.

"Imeandikwa moto, mama."

"Haikuandikwa mkwe?"

"Hapa hakuna mkwe."

Nyuma ya ukuta wa mbao mtu alicheka, akajiziba mdomo. Akoth akatazama saa yake. Dakika thelathini na sita. Akavuta pumzi, akanyoosha mkono, akasema kwa furaha, "Chepkemoi mwanangu, sasa nipe yale maziwa."

Chepkemoi akainua kibuyu. Akakigeuza juu chini. Halikutoka tone. Wote wakamgeukia Joash, ambaye alikuwa ameegemea ukuta, ameshika tumbo, na povu jeupe kwenye masharubu.

"Nilikuwa nawasikiliza," akasema. "Sikujua mkono wangu unafanya nini."

*

Ungefikiri mambo yaliishia hapo. Lakini Jepkorir hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya mwanawe, tena kwa karatasi ya kufungia ugoro.

"Karatasi haijawahi kuoza msichana," akasema. "Mimi nataka kujua kwa kifua changu. Nitafanya hayo yenu ya maji na kukaa wima. Nikitulia, nimekosea mimi, na nitasema nimekosea. Nikiwaka, basi ni ninyi, na kwaherini."

"Lakini usianze kesho, Kogo," Akoth akamwambia, na sasa alikuwa anaongea kama Unnati. "Kwanza mwone daktari, umwambie unavyochomwa. Ukikatazwa, acha. Ukiruhusiwa, ndipo uanze."

"Na nitakujulisha vipi?"

"Una simu?"

"Kipchoge anayo. Mtandao unashika pale juu kwenye josho tu, mahali pengine unakwenda na upepo."

"Basi vizuri, utapanda mpaka josho, na hapo huwezi kulala. Unipigie flash, simu ilie mara moja ukate. Kifua kikitulia, flash moja. Kikiwaka, mbili. Usimalize kredo ya simu."

"Kredo simalizi," Jepkorir akasema. "Sijawahi kumpigia simu mtu tangu zianze."

Akawasindikiza mpaka langoni kwa mkongojo wake, jambo ambalo hakulifanya mara mbili zilizopita. Hapo Akoth akageuka. "Nakuachia kimoja cha kukusindikiza, Kogo. Nyumba yangu ina nguzo zaidi ya mia mbili. Nilizaliwa nazo, nitazikwa nazo, na sijaiona hata moja, ila kwa picha."

"Hicho nitakujibu kabla hamjafika Keringet."

Walifika Keringet, wakafika Molo, hakuna jibu. Karibu na Molo walisimama mara nne kwa ajili ya tumbo la Joash.

*

Daktari wa kule alimwambia Jepkorir apumzike wiki tatu mpaka moto uishe wote, kisha aanze tena kwa masharti. Wiki tatu hizo Okeyo alikonda. Alipeleka misumari kwa mtu aliyeagiza simenti, na Pradeep akamwuliza kama anaumwa au anapenda. "Yote, boss," akajibu.

Jumamosi ya nne, Akoth alimeza tembe yake saa kumi na mbili kamili, akakaa wima kwenye kiti cha mbao, simu imewekwa juu ya stuli mbele yake kama mtoto wa kutahiriwa. Okeyo alikuwa amesimama. Joash alikuja bila kuitwa. Kogo alikuwa anameza saa kumi na moja, kwa hiyo sasa kifua kilikuwa kimeshasema lolote litakalosema.

Dakika kumi zikapita. Kumi na tano.

Simu ikalia mara moja, ikakata.

"Moja," Joash akasema, akainuka nusu.

"Kaa. Ngoja," Akoth akasema. Okeyo alikuwa ameshika ukuta, anacheka bila sauti.

Simu ikalia tena, ikakata.

Okeyo akateleza na ukuta mpaka chini, akakaa sakafuni miguu imenyooka, kama mtu aliyekatwa kamba. Joash akavua kofia. Akoth alitamani kuinama amshike kijana wake kichwa, lakini mgeni alikuwa bado hajatulia, naye akabaki wima, machozi yakishuka sawasawa pande zote mbili.

Simu ikalia mara ya tatu. Ikaendelea kulia.

"Hiyo ni flash gani ndefu hivyo," Joash akasema.

"Si flash, Mzee, anapiga," Okeyo akasema kutoka sakafuni. "Dani, shika. Shika, anamaliza kredo."

Akoth akaweka simu sikioni. Upepo ulikuwa mwingi, na ng'ombe alikuwa akilia karibu sana.

"Akoth." Sauti ya Jepkorir ilipazwa kana kwamba alitaka ifike Nakuru bila simu. "Niko josho. Nimesimama."

"Kifua, Kogo. Kifua vipi?"

"Kifua kiko kimya kama kanisa la Jumatatu. Nilikwisha kukupigia flash yake."

"Umepiga mbili."

"Ya pili ilikuwa ya kitendawili chako. Wiki nne sijalala vizuri. Nimemuuliza Kipchoge, nimemuuliza padri. Nimeshindwa. Sema jibu."

Akoth akafuta uso kwa kiganja. "Kwanza nipe mji, Kogo."

"Mji sina tena. Molo uliichukua, na Nakuru si kitu cha kukurudishia." Upepo ukapita. "Chukua Jelagat."

Okeyo, ambaye alikuwa amesikia kila neno kwa sauti ile, akalala chali sakafuni, akaweka mikono usoni. Joash akaanza hotuba.

"Haya, jibu," Jepkorir akasema. "Haraka, kredo inalia."

"Mifupa, Kogo. Nguzo ni mifupa."

Ng'ombe akalia.

"Mifupa," akasema Jepkorir. "Mimi ninayemeza dawa yake. Mwizi mkubwa wewe. Njoo Jumanne, unywe maziwa yako, na huyo msemaji mwache nyumbani."

Simu ikakata. Okeyo alikuwa ameshakimbilia jikoni, akarudi na kikombe cha chai ya maziwa inayofuka moshi, akampigia nyanya yake magoti, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Akoth akaitazama saa ya marehemu.

"Weka hapo," akasema. "Zimebaki dakika kumi na moja."